Simu Iliyofungwa Lille

Benchi la Maman Védastine liko Kamembe, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mpaka wa Rusizi ya Kwanza, na anayekaa hapo huiona Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo, kama nyumba ya jirani. Asubuhi Védastine huleta termosi ya kahawa yenye tangawizi, na wateja wake wale wale huleta midomo. Yupo Bizimana, muuza kadi za simu, aliyejipa mwenyewe jina la Enjeniyeri. Yupo Rukundo, mbeba mizigo wa mpakani, wanayemwita Frontiyeri. Na yupo Mzee Munyemana, mkulima wa mpunga aliyehamia kwa mwanawe lakini hajaacha kuisifu Bugarama. Jumatatu ile walikuwa kwenye kikombe cha kwanza Mugwaneza alipotokea, fimbo yake nyeupe ikigonga ukingo wa mtaro, mkononi ameshika simu pana inayong'aa.

Mugwaneza alikuwa haoni tangu utotoni. Alifuma masweta ya shule kwa mashine katika kibanda cha pembeni, na Védastine hakumjua mtu mwingine mwenye mikono ya haraka kama yake.

— Dada yangu Gaju amenitumia, toka Lille, kule Ufaransa, alisema akikaa. Inasemaka. Unagusa, inakusomea.

Akapitisha kidole juu ya kioo. Sauti ya mwanamke ikatoka, kwa Kifaransa cha madaha, ikitaja saa na tarehe. Mzee Munyemana nusura amwage kahawa.

— Yesu! Iko mwanamke mu ndani?

— Iko mashine tu, Mzee. Inasoma hata mesaji. Shida ni moja: nikitia kadi ya huku kwetu, inaikatala.

Védastine alijua kwa nini neno "mesaji" lilitoka kwa uzito. Simu ya zamani ya Mugwaneza haikujua kusoma, kwa hiyo kila ujumbe alimpa Enjeniyeri, na Enjeniyeri hakujua kusoma kwa sauti ya chini. Benchi zima lilijua nani kaagiza masweta na nani kaghairi. Lilijua pia habari za Niyitegeka, fundi seremala wa Mibirizi, aliyeandika kwamba kicheko cha Mugwaneza kinamfuata hadi kwenye randa. Watu walicheka wiki nzima. Frontiyeri alikuwa akipita na mizigo akiita, «Randa! Randa!» Maneno yakafika Mibirizi, na Niyitegeka hakuandika tena.

— Leta nione, alisema Enjeniyeri, na simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Voilà. Hii balifunga. Kampuni yenye kuiuzisha huko inaifunga, isikamate kadi ya kampuni ingine. Iko na kodi, ile namba ya siri ya kuifungulia. Mimi nabomoa kodi sasa hivi.

— Kodi ya nini? alidakia Frontiyeri. Mupeleke ku daraja, katikati kabisa. Pale rezo, mitandao ya simu, ya Kongo na ya Rwanda zinakutana. Simu inachanganyikiwa, haijui iko inchi gani, inajifungua yenyewe!

— Wewe unavukaka pale kila siku, alisema Védastine. Yako ilichanganyikiwa?

— Yangu imezoea, Maman.

Mzee Munyemana alikuwa akitikisa kichwa.

— Hii ni baridi tu. Imetoka kwa bazungu, imeganda. Kule kwetu Bugarama kuko maji ya moto inatoka mu udongo. Ile mvuke inafunguaka mpaka mifupa ya muntu. Mulaze simu pale karibu, asubuhi mutaikuta inaimba.

— Mzee, utaipika!

— Nilisema karibu. Sikusema ndani.

Katikati ya vicheko vile sauti ya yule mwanamke ikatoka tena, safari hii bila madaha. Wakati wengine wakibishana, Enjeniyeri alikuwa amebahatisha namba, na simu ilikuwa imemjibu: kodi si sahihi, zimebaki nafasi mbili.

— Nafasi mbili za nini? aliuliza Mugwaneza.

Enjeniyeri alikohoa.

— Zikiisha... inajifunga kabisa.

Mugwaneza alinyoosha mkono wazi mbele yake. Hakupaza sauti. Enjeniyeri akairudisha simu kwenye kiganja kile polepole, kama mtu anayerudisha yai.

— Enjeniyeri, hiyo kodi iko na nani?

— Na ile kampuni yenyewe.

— Na munamaliza kahawa yote hapa, hakuna mwenye kusema tubaulize?

Enjeniyeri akaanza kuzipanga upya kadi zake.

Mugwaneza akamwomba Frontiyeri ampe koneksyo ya intaneti ya simu yake, akampigia Gaju palepale. Gaju alisema yeye ndiye aliyeinunua, haki ya kuomba kodi anayo. Ila kampuni itataka namba ya kifaa chenyewe, si ya kadi. Mugwaneza akabonyeza alama alizoelekezwa, sauti ikamsomea namba ndefu isiyo na mwisho, naye akamrudishia dada yake yote bila kukosea. Mzee Munyemana alimtazama kwa namna anavyotazama mvua ikinyesha wakati wa kupanda.

— Kichwa ile, alinong'ona, ningekuwa nayo, ningekuwa askofu.

Majibu hayakuja haraka. Kila asubuhi Enjeniyeri aliuliza, na kila asubuhi Mugwaneza alisema bado, akarudi kwenye mashine yake. Wiki ya pili Gaju akapiga. Kodi ilikuwa imetoka.

Siku hiyo hata waliokuwa wakipita walisimama. Mugwaneza alitia kadi mwenyewe, akilitafuta tundu kwa ukucha. Sauti ikaomba kodi. Kidole kilitembea juu ya kioo, kila namba ikitajwa kabla hajaibonyeza, na Védastine aligundua kwamba ameshika birika la maji ya moto hewani bila kulitua. Kisha yule mwanamke akasema simu imefunguliwa.

Kelele zilizopigwa pale zilimfanya askari wa barabarani ageuke. Frontiyeri alicheza. Enjeniyeri, aliyezoea kusifiwa, alisimama akampigia Mugwaneza makofi, na makofi yake yalikuwa ya kweli.

— Bwana, alisema, huyu ndiye enjeniyeri.

Mugwaneza hakukaa kusifiwa. Aliingia kibandani, na kwa mlango ulioachwa wazi Védastine alimwona akiisogeza simu mdomoni na kurekodi ujumbe mfupi, kwa sauti ndogo. Akarudi akaketi, akaomba kahawa. Hakuwa ameifikisha nusu simu ilipolia mlio wa mesaji. Mara moja Enjeniyeri akanyoosha mkono, kwa mazoea tu, kisha akauvuta nyuma na kujikuna shingo.

Mugwaneza alitoa waya mwembamba mfukoni, akaingiza kisikilizio sikioni, akagusa kioo. Benchi zima liliinama upande wake. Hakuna kilichosikika. Walichoona ni uso wake ukilainika taratibu, kisha kikaja kicheko kile, kirefu, na mkono ukaenda kukifunika.

Mwanamke mmoja wa Nzahaha, mgeni kabisa pale, alikuwa ametua beseni lake la avokado apumzike kidogo. Alimtazama Mugwaneza, naye akaanza kutabasamu bila kujua kwa nini.

— Mbega, furaha gani hii! Ni nani amemwandikia?

Enjeniyeri alimtazama Frontiyeri. Frontiyeri alimtazama Mzee Munyemana. Mzee aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Maman, alisema Védastine akimmiminia mgeni kahawa, hapa hakuna mwenye kujua.

Na alilisema kwa fahari.