Viwanja vya Kilimani na Watu wa Ng'ambo ya Reli

Ndugu zangu wa jumuiya, mnivumilie nikikwama katikati. 

Mimi ni mke wa askari, si mzaliwa wa mji huu wa Kamina. Mume wangu alipopelekwa vitani mashariki, nilitoka kambini na watoto, nikapanga nyumba ya matofali mabichi kando ya mto, nikawa nauza samaki wakavu wanaoletwa kutoka Kinkondja. Simu zake zikapungua, kisha zikanyamaza.

Halafu ikaja ile mvua. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi, maji yalikuwa yamefika madirishani. Jirani yangu, mama mmoja mkulima wa mihogo, alikuwa amewatoa watoto wangu ndani kwa kuwabeba mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Tukasimama pamoja, tukaiona nyumba ikianguka. Hata picha za mume wangu zilikwenda.

Tukahamia darasani, kwenye shule ya mtaa, yeye na sisi. Mtoto wangu mdogo akashikwa na homa, na mama yule akawa anamnywesha uji wake mwenyewe. Nawaambia kweli, sala ilinishinda. Nilikaa tu nikitazama ukuta.

Ndipo komite ya mtaa ikakutana kupanga wapi tujenge, wapi tuchimbe mfereji, nani apewe kiwanja kilimani. Wenyeji wakapewa nafasi zao. Sisi wake za askari tukaambiwa turudi kambini. Nilikuwa nimeshakwenda huko, nikakuta chumba chetu kina familia nyingine.  Mgeni aseme nini?

Mama yule akasimama. Hakupaza sauti.

"Minyi nilishapata parseli yangu, kiwanja changu kule kilimani. Lakini uyu mama, ataenda wapi? Kama anabakia mu mayi ya mto, minyi pia nabakia naye."

Wanaume wakanung'unika. Mmoja akamwonya kwamba atapoteza kiwanja chake. Mama akakaa chini, na neno lake hakulirudisha. Mwishowe kilima kikapimwa upya, viwanja vikawa vyembamba, na sisi tukaingia. Tukachimba mfereji pamoja, tukapanda mianzi ukingoni.

Leo nina nyumba. Habari za mume wangu bado sijazipata, mniombee.

Namshukuru mama yule, nawashukuru ninyi mliokubali kupunguziwa viwanja. Ila siwezi kuishia kwenye shukrani. Mfereji wetu unayashusha maji mbio, na yanakwenda kwa watu wa ng'ambo ya reli. Juzi nilipita kule, nikamkuta mwanamke akipanga matofali chini ya kitanda, ili akiinue kabla ya mvua. Nikamuuliza kama aliitwa mkutanoni. Akasema hakuna aliyewaita.

Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu: niliokoka kwa sababu mtu mmoja aliuliza nani ameachwa nje ya mpango. Jumapili hii komite inakaa tena. Nitasimama niwaulizie watu wa ng'ambo ya reli. Naomba nisisimame peke yangu.