Fundi Mbaruku Nandonde na Hita Iliyopuliza Baridi

Alhamisi, tarehe 31 Desemba 1959, Fundi Mkuu Mbaruku Nandonde atakabidhi funguo za karakana yetu ya magari hapa Nachingwea, baada ya utumishi wa miaka kumi na miwili kasoro siku nne. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 5 Januari 1948, akitokea kwao Nanganga, upande wa Ruangwa, na spana mbili alizofunga kwenye kitambaa. Alipoulizwa anajua kazi gani, alijibu kwamba anajua kusikiliza. Msimamizi alidhani ni utani. Haukuwa utani.

Siku hizo mji ulikuwa mahema na vumbi. Mradi wa karanga ulikuwa unashusha malori na matrekta kwa wingi kuliko mafundi wa kuyatengeneza. Bwana Mbaruku alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka 1950 alikuwa fundi kamili. Mradi ulipofungwa mwaka uliofuata na wenzake wengi wakarudi makwao, yeye alibaki, na ndiye aliyeifanya karakana hii iendelee kuhudumia malori ya korosho na ufuta, mabasi ya Ruangwa, na gari la wagonjwa la hospitali ya misheni.

Tabia zake tunazijua. Injini ikiwashwa, haruhusu mtu kuzungumza. Spana zake hulala juu ya gunia kwa mpangilio wa ukubwa, na aliyechukua namba kumi na tatu bila kusema hutajwa jina lake kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Machi 1952 alitengeneza ekseli ya lori lililokwama matopeni njia ya Ruangwa, akiwa amesimama ndani ya maji ya kiunoni, na aliporudi alilalamikia kitu kimoja tu: kwamba dereva alikuwa akiimba.

Lakini kazi inayostahili kusimuliwa kwa kirefu ni ile ya Julai 1956.

Inafaa kwanza kueleza desturi ya karakana yetu. Ndani ya injini kuna thamostati, kidude cha shaba kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajapata moto. Kwa jua letu na milima ya Ruangwa, Bwana Mbaruku aliona kidude hicho ni adui. Tangu 1949 kila gari jipya liliposhushwa kwenye treni kutoka pwani, kazi ya kwanza ilikuwa kuking'oa na kukiponda kwa nyundo kiwe kipande cha kuzibia matundu. Magari yetu hayakuchemka tena. Desturi hiyo ilimpa sifa mpaka Masasi.

Jumatatu, tarehe 16 Julai, dereva wa hospitali, Gaudens, alileta gari la wagonjwa. Mkewe Kornelia, mkunga ambaye wengi wetu tunamshukuru kwa watoto wetu, alikuwa ametoka katika nimonia ya pili na kifua kilikuwa kimejaa maji. Daktari wa kukitibu alikuwa mbali, kwenye milima ya Umatengo, ambako mwezi wa Julai asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Daktari wetu aliruhusu safari kwa sharti moja: mgonjwa asipigwe na baridi njiani. Gari lilikuwa na hita, ya kupuliza hewa iliyopashwa na maji ya injini, tangu litoke kiwandani, ila hapa hakuna aliyewahi kuiwasha. Gaudens aliiwasha siku hiyo. Ikapuliza baridi.

"Fundi, tunaondoka keshokutwa alfajiri," alisema. "Siwezi kumfikisha kule kwa hewa hii."

Bwana Mbaruku alifungua boneti. Alianza mwanzo, kama alivyotufundisha. Feni ilizunguka vizuri, na hewa ilitoka kwa nguvu. Maji ya rejeta yalikuwa yamejaa. Koki ya kupeleka maji kwenye hita ilikuwa imeshika kutu nusu. Aliilegeza kwa mafuta, ikafunguka yote. Aliendesha gari mpaka Naipingo na kurudi. Bado baridi. Ndipo aliposhika mipira miwili ya hita, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Mmoja ungekuwa wa moto na mwingine wa baridi, angejua hita imeziba. Yote miwili ilikuwa vuguvugu. Maji yalikuwa yanapita, ila hayakuwa na moto wa kupeleka.

Alikaa juu ya bampa. Fundi Salimu, ambaye mdomo wake hauna breki, akamuuliza, "Vipi, Fundi? Umeona jini humo?"

"Nimemwona aliyeliharibu gari hili," alisema Bwana Mbaruku. "Ni mimi. Nililing'oa thamostati mwenyewe, mwezi Oktoba."

Salimu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliacha utani, akaenda kupekua makopo ya vipuri.

Thamostati ya gari lile haikupatikana karibu kuliko Dar es Salaam, na ya kwake ilikuwa imeshapondwa. Jioni Bwana Mbaruku alikwenda nyumbani na kipimo cha rejeta kilichochorwa kwenye karatasi ya saruji. Mkewe, Mama Biasha, msukaji wa mikeka, alikitazama akacheka. "Miaka yote unayavua magari nguo, leo waniletea mimi niyavishe?" Hata hivyo alikata mkeka wa ukindu, akaupinda kingo na kuutia kamba nne. Ukifungwa mbele ya rejeta, upepo haupiti, na maji hubaki na moto.

Jumanne waliujaribu. Ulipofunika rejeta yote, mshale wa joto ulipanda kupita kiasi. Ulipofunika nusu, hita ilipuliza hewa ya moto, na mshale ulitulia. Tatizo likabaki moja: nani atajua wapi pa kufunika na wapi pa kufunua, maana njia ya Tunduru ina joto na ya milimani ina baridi? Bwana Mbaruku aliomba ruhusa ya siku saba akapanda gari mwenyewe. Safari nzima alikuwa akishuka, akigusa mipira, akikunja au kukunjua mkeka. Baada ya Songea, walipoanza kupanda na ukungu ukafunika barabara, Kornelia aligonga kioo cha nyuma.

"Fundi, punguza," alisema. "Mimi si muhogo."

Gaudens anasema alilazimika kusimamisha gari, kwa sababu alikuwa analia na kucheka na haoni njia.

Bwana Mbaruku alirejea Jumanne, tarehe 24 Julai, na kabla ya kuvua koti alituita sote. Alisema kosa lilikuwa lake, wala si la desturi, kwa kuwa desturi aliianzisha yeye. Tangu siku hiyo gari halifunguliwi karakanani mwetu kabla ya kuulizwa linakwenda wapi, na kila thamostati inayotolewa hufungwa kwenye karatasi yenye namba ya gari na kuwekwa stoo. Mafundi kumi na tisa aliowafundisha wanalifuata hilo hadi leo. Wengi tumemwona akitengeneza. Wachache tunaweza kukiri kama yeye.

Kornelia alirudi mwezi Novemba mwaka ule, na tangu Januari 1957 yuko kazini wodi ya wazazi. Zawadi ya wafanyakazi, ambayo ni baiskeli mpya, itakabidhiwa na yeye. Aliomba nafasi hiyo mwenyewe, na kamati haikuona haja ya kupiga kura.

Fundi Mbaruku, ahsante kwa kazi na kwa ukweli. Nenda Nanganga na Mama Biasha, ukapumzike kwa afya na amani, na barabara ya kuja kututazama uione fupi.