Vidonge vya Shemeji Benchini

Hebu fikiria benchi nje ya kibanda cha kinyozi, kahawa inafuka, na wanaume watatu wasiotulia. Katikati yao kuna pakiti ya vidonge. Ni vya mke wa Bomba, fundi wa mabomba ya maji. Mama huyo alitolewa uvimbe kwenye titi, na vidonge hivi huzuia homoni ili usirudi. Jana vipimo vilionyesha damu yake imejaa mafuta. Leo asubuhi mumewe amevichukua kimyakimya, anataka wenzake waamue: mkewe aendelee navyo au aache?

— Kaa basi, Bomba, unatutia kizunguzungu, alisema Spana, fundi wa magari.

— Nikae vipi, bwana? Nesi kasema kwenye damu kuna vimeng'enya, kazi yao kuvunjavunja mafuta. Hivi vidonge vinaweza kuvifanya vizubae. Akasema twende kwa daktari, tusiache dawa. Sasa mimi nishike lipi?

— Oili imekuwa nzito hiyo. Mwaga yote, tia mpya!

— Kwani shemeji ni lori? aliuliza Kinyozi. Sikilizeni. Homoni ndiye nyapara wa hivyo vimeng'enya. Nyapara kafungiwa nje, nani atafanya kazi?

— Basi tumfungulie!

— Na uvimbe ukiingia naye? alisema Bomba, bado akizunguka.

Spana alisogea karibu.

— Anywe leo, kesho aache. Homoni ikidhani imeachiwa, anaibana ghafla.

— Kama mwizi?

— Kama mwizi!

— Wapi! Kinyozi alidakia. Mafuta si huelea? Asimame wiki nzima, yapande yote kichwani. Hapo niachieni mimi na mashine yangu.

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bomba hakucheka.

Jirani mpya, mama mmoja aliyekuwa akingoja kahawa yake, aligeuka.

— Samahani, kaka zangu. Huyo dada leo amekunywa nini?

Spana alifuta goti. Kinyozi aliitazama pakiti kana kwamba imedondoka sasa hivi.

Bomba aliichukua, akapiga simu.

— Mama watoto... usivitafute tena. Ninavyo mimi. Nisamehe. Nakuletea sasa hivi, halafu tujiandae, twende wote kwa daktari.

Akaondoka bila kuaga.

Nawe unayesikiliza, tafadhali kumbuka jambo moja tu: kabla hujamwamulia mgonjwa wako, kaa naye kwanza.