Kobalti Haikutoka Baharini

Mheshimiwa Bourgmestre, Bwana Directeur wa kampuni yetu, Tata Pasteur uliyetufungulia ukumbi huu wa Kapata, Tata Ezéchiel na Mama Louise mliomzaa Naomie, Mzee Feruzi na wenzako wa malori, bamama na batata wote mliofika: jambo yenu!

Mimi ni Jeanne Tshilombo, mkuu wa maabara ya kampuni yetu ya madini hapa Kolwezi. Kwa miaka ishirini na mitatu nimepima shaba na kobalti, na kwa miaka hiyo yote nimewafokea vijana wa maabara kwa sauti ambayo, wanasema, inasikika mpaka Musonoi. Leo nimeombwa nimuage Naomie, mkemia wetu, anayekwenda kupanda meli ya utafiti katika bahari ya barafu ya kaskazini. Nimepewa dakika tano. Bwana msimamizi wa sherehe, saa yako iweke mfukoni, hazitatosha.

Najua wengi mnajiuliza, binti wa mchimba manganisi wa Kisenge anafuata nini kwenye barafu? Mama Louise mwenyewe aliniuliza: "Mama Chef, huku matope haiko? Anaenda kutafuta matope mu barafu juu ya nini?" Mama, nilicheka siku ile, lakini swali lako ni zuri na linastahili jibu.

Chini ya bahari ile matope hutua polepole mno, tabaka juu ya tabaka, hata unene wa kidole unaweza kuwa miaka elfu na zaidi. Meli hushusha bomba refu, ikachomoa mche wa matope, na mche huo hukatwa vipande na kupimwa. Tabaka za kahawia, zenye manganisi nyingi, mara nyingi ni za zama za joto, barafu ilipopungua. Za kijivu ni za baridi kali. Naomie anazisoma ili tujue dunia ilipopata joto zamani ilibadilikaje, na kwa haraka gani. Na sisi, ambao siku hizi hatujui tena mvua itaanza mwezi gani, tunaweza kweli kusema hayo hayatuhusu?

Miaka mitatu iliyopita maprofesa wa ng'ambo walimtumia chupa mia mbili na kumi na nne za matope hayo, azipime kwenye mashine yetu siku za Jumamosi. Mzee Feruzi alizileta kutoka Lubumbashi kwenye kiti cha mbele cha lori lake, akamkatalia abiria kwa ajili yazo. Matokeo yangetoka vizuri, Naomie angepata nafasi kwenye meli ya mwaka ule. Na yalitoka vizuri kupita kiasi! Katika chupa thelathini na moja kobalti ilipanda ajabu. Maprofesa wakaandika kwa furaha: hiki ni kitu kipya, hongera, jiandae kwa safari. Tukanunua soda maabara nzima, na mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Mtu mmoja tu hakucheza. Naomie aliona kwamba kobalti ile ilipanda pamoja na shaba, kwa uwiano uleule wa mawe yetu ya hapa. Akachukua mchanga safi, usio na kitu, akautandaza siku moja dirishani, pale matope ya chupa zile yalipoanikwa, akaupima. Kobalti ikaonekana. Jamani, haikutoka baharini. Ilikuwa vumbi la Kolwezi, la malori yanayopita chini ya dirisha letu na kutuachia wingu jekundu mpaka kwenye chai.

Alikuja ofisini kwangu macho yamemwiva. Nikamwambia nini, mimi mama mzima? Nikamwambia: "Nyamaza, mutoto. Nani atajua? Panda meli, utasahihisha kiisha." Akanijibu polepole: "Mama Chef, mi mwenyewe njo najua." Kesho yake akaandika barua, akafuta matokeo yake yote. Meli ikaondoka bila yeye. Miaka miwili akapima upya, chupa kwa chupa, akiomba nafasi kwenye maabara za watu kule Lubumbashi, na mwaka huu ndipo wakamwita tena kwenye meli.

Hadithi hiyo mmeisikia, na mmempigia makofi, na anastahili. Lakini haijaisha, na kipande kilichobaki ninakijua mimi na yeye tu.

Barua ile ilisema: "Kosa ni langu, nilianika sampuli dirishani." Si kweli. Wiki ile umeme ulikatika siku tatu, na jenereta ilikuwa ya sampuli za kampuni tu. Mimi njo nilisema atoe sahani zile thelathini na moja za matope kwenye tanuri, afungue dirisha, aziweke pale, jua ni la bure. Naomie aliniuliza: "Mama Chef, na poussière?" Nikacheka: "Poussière gani? Hii tunaikula tangu tuko batoto!" Ndivyo tulivyo watu wa hapa. Vumbi hili tumelala nalo, tumelipikia, hatulioni tena. Yeye aliliona, mimi nikamfunga mdomo kwa amri.

Niliisoma barua yake kabla haijaondoka. Nilijua. Nikapiga muhuri, nikasaini.

Mwezi uliopita aliniletea karatasi za safari nizisaini. Nikaona kazi aliyopewa: kuosha vyombo vya maabara. Chini yake wameandika asiguse sampuli bila msimamizi, kwa sababu ya uzembe wa zamani. Uzembe! Mutoto anayeogopa hata kupumua karibu na mizani! Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia maishani, na yeye akasimama pale ananisubiri nisaini.

Bwana Directeur, bahasha iliyo mbele yako si programu ya sherehe. Ni nakala ya barua niliyomwandikia mkuu wa msafara Jumatatu. Nimeeleza siku, saa, na nani aliamuru. Nimeandika kwamba katika maabara yetu hakuna mikono ninayoiamini kuliko ya Naomie, hata yangu. Jibu halijafika. Ukiona kesho nirudishe funguo, nitarudisha, wala sitalalamika.

Tata Ezéchiel, Mama Louise, jina la mtoto wenu nililiacha lichafuke miaka mitatu ili langu libaki safi. Nawaomba msamaha mbele ya watu hawa wote.

Naomie, acha kunionyesha kwa mkono nikae, nakaribia kumaliza. Ukifika kule, mtu akikuuliza ni nani aliyefungua dirisha, usinifiche tena. Mwambie: ni Jeanne Tshilombo, wa Kolwezi. Tamka vizuri, waandike.

Aksanti yenu kwa kunisikiliza mpaka mwisho.