Yaliyo Yake Yabaki Yake: Maisha ya Fundi Ignasi Mrope (1974–2025)

Wasifu uliochapwa kwenye ratiba ni wa kanisani, nao ni mfupi: alizaliwa, alishona, amefariki. Huu wa pili haukuchapwa. Unasomwa hapa uani Ilala, kwa watu wa nyumba hii peke yao, kabla jeneza halijatoka kwenda misa na kisha makaburini Kinondoni. Anayeusoma ni Pius, mpwa wa marehemu. Aliyeomba usomwe ni Evarista, dada wa marehemu na mama yake Pius, kwa sababu jana hapa msibani alimsikia Mzee Mwinyimvua, mwenye nyumba wetu, akisema leo atasimama mbele ya watu wote aeleze kwa fahari Ignasi alikuwa nani hasa. Mzee wetu, shikamoo. Tafadhali usisimame. Hilo ndilo ombi, na sababu zake zinafuata.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1974 Lukuledi, wilayani Masasi, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Athanas Mrope na mama Hildegarda, ambao wote wametangulia. Mkunga alisema ni msichana, na wazazi wakamchagulia jina kwa kufuata maneno ya mkunga. Jina hilo halisomwi hapa. Mlilisikia mara moja tu mkalishika upesi kuliko mnavyoshika sala, na leo mnaombwa mlisahau. Ignasi ni jina la babu yake mzaa mama, na alijipa mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi palepale Lukuledi, akamaliza darasa la saba mwaka 1988. Hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali, kuimba hakuwezi hata kidogo. Visa vya sare yake ya shule tunavipita. Baadaye alijifunza cherehani kwa masista wa parokia, na hao walimfundisha kazi bila kumuuliza maswali, jambo alilolikumbuka kwa shukrani maisha yake yote.

Mwaka 1993 alishuka Dar es Salaam na begi moja, akiwa tayari ni Ignasi, kwa suruali na kwa jina. Hakumdanganya mtu, maana hakuna aliyemuuliza. Kariakoo kila mmoja ana haraka zake, anachotaka kujua ni shati litakuwa tayari lini, basi. Aliweka cherehani barazani Mtaa wa Narung'ombe akashona sare za shule za watoto wa Ilala na hadi wa Magomeni, ng'ambo ya Jangwani. Swaumu wa chumba cha tatu atakumbuka kaptura ya mwanawe. Alipoiona ina pindo nene kwa ndani, alikuja juu kwamba fundi anakula kitambaa cha watu. Januari iliyofuata mtoto amerefuka, Ignasi akafumua lile pindo, kaptura ikashuka mpaka magotini. Swaumu akapiga kelele mtaa mzima, "Kumbe mwizi wewe ulikuwa unanitunzia!" Marehemu alicheka siku ile mpaka akavua miwani.

Hakufunga ndoa. Yupo mtu ambaye leo alistahili kiti cha mbele. Mtu huyo amekaa anapojua mwenyewe na hatatajwa, kwa hiyo Swaumu, acha kugeuza shingo.

Sasa tufike kwenye lenyewe. Mwaka 2019 dada yake Pius aliagwa hapahapa uani, jioni ya kumkabidhi kwa wakwe. Kwa watu wa kwetu mjomba ndiye mwenye kauli siku hiyo, yeye ndiye anayemtoa binti. Ignasi alisimama kwa suti aliyojishonea, akasema maneno machache mazuri, wakwe wakaridhika, wakaondoka. Tulibaki sisi wa nyumba hii na sahani zetu. Evarista alikuwa amejaa furaha, hajui aiweke wapi. Akaangalia nyuso za watu waliokaa na mdogo wake zaidi ya miaka ishirini, akaona hakuna hata mmoja wa kumwogopa. Akachukua maiki.

"Huyu mjomba mnayemwona," alisema, "alizaliwa mdogo wangu wa kike. Jina lake la ubatizo..." na akalitaja. "Nimechoka kuficha kitu kizuri. Nampenda hivyohivyo alivyo!"

 Kisha Mzee Mwinyimvua akakohoa, akauliza, "Sasa, suruali yangu ya Jumatatu ipo au haipo?"

Watu walivunjika mbavu. Vigelegele vikapigwa, wakaja mmojammoja kumtunza, wakimbandika noti kifuani. Hakuna aliyemsema vibaya siku ile, wala baada ya siku ile, na kwa hilo familia inawashukuru kutoka moyoni. Evarista alidhani amempa zawadi. Ignasi alitabasamu, akacheza nyimbo mbili, akaingia chumbani kwake.

Wema wenu ulianza kesho yake. Foleni ya bafu mkawa mnampisha. Wanawake wakigombana na waume zao, mkamwita aamue, eti yeye anajua pande zote. Mgeni akija kumtembelea mtu, anapewa chai na habari za Ignasi, kwa sauti ya upendo kabisa. Zamani mlikuwa mnamdai mashati na kumfokea akichelewesha. Baada ya hapo hakuna aliyemfokea tena, na yeye alikuwa anapenda kufokewa.

Evarista alipoona amenyong'onyea, alimfuata. "Jamani, mdogo wangu, si wamekukubali? Kuna nini tena cha kuficha?"

"Wamenikubali, sikatai," alijibu. "Lakini dada, hata ningepanga na malaika watupu, bafuni ningefunga mlango. Siwaogopi. Ni kitu changu tu. Mimi nilikuwa fundi humu ndani. Sasa nimekuwa habari."

Evarista alipiga magoti akamwomba radhi, akilia. Ignasi akamwinua. "Yameisha, dada." Akamwekea chai.

Ugonjwa ulianza mwaka 2023, maumivu chini ya tumbo. Evarista hakujua. Alimwona anapungua, akaambiwa ni uchovu. Alimwona akishona kwa kusimama, akaambiwa kiti kimelegea. Ilipofika Desemba mwaka jana akaanguka barazani, na vijana wake wa cherehani, Samson na Heriel, wakampeleka hospitali. Huko ndiko Evarista aliposikia kwa daktari kwamba mdogo wake alikuwa anatibiwa peke yake zaidi ya mwaka mzima. Alikaa pembeni ya kitanda akauliza kwa nini.

"Ningekwambia, dada," Ignasi alisema taratibu. "Lakini wewe ukinipenda, unanipenda kwa sauti."

Hakukuwa na hasira katika maneno hayo. Evarista anasema angepona upesi zaidi kama ingekuwepo.

Marehemu alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Jana Samson na Heriel walifika chumba cha maiti na sabuni, taulo na shuka jipya. Wanaume wa barazani huoshana wenyewe, ndiyo desturi yao. Samson alisema, "Mama Pius, tumekuja kumwosha mwenzetu. Tunajua yote na hatuna neno. Kwetu sisi ni mwanaume mwenzetu."

Hakuna ambaye angeweza kusema vizuri kuliko hivyo, na Evarista wa zamani angewakumbatia na kuwafungulia. Badala yake alisimama mlangoni akawazuia. Samson aliumia, ilionekana usoni.

"Alitaka hivyo?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu," Evarista akamjibu. "Hakuniambia."

Akaingia peke yake. Alimwosha akiwa amefunikwa shuka mwanzo hadi mwisho, kwa kupapasa, bila kutazama, akamvalisha suti. Jeneza lilikuja likiwa limefungwa na halitafunguliwa. Waliolalamika jana kwamba wananyimwa kumuaga wamlaumu yeye. Pengine amekosea tena. Hana wa kumuuliza.

Huko kanisani wapo wateja, wanakwaya na majirani wa Narung'ombe wanaomlia fundi wao mwenye maneno machache na pindo nene. Hawajui zaidi ya hapo, na hawajapungukiwa kitu.

Marehemu ameacha wapwa wawili, Pius na dada yake. Vijana wake, Samson na Heriel. Mtu mmoja asiyetajwa. Na ninyi wa nyumba hii, aliowapenda. Ameacha pia dada mmoja, Evarista, ambaye marehemu alimsamehe siku ileile alipoombwa radhi, na tangu siku ile hakumwambia tena siri hata moja.

Bwana ampokee, ampe amani, na asimuulize kitu.