Lavern Roorda wa Kona ya Nne

Mchungaji, ndugu, majirani na nyote mliokuja, wengine mkiwa mmevaa jaketi za mbio za magari ndani ya nyumba ya ibada, jambo ambalo wifi yangu Twyla ameliruhusu na mimi sikuliruhusu, jina langu ni Arlys, dada wa marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu watoto wake walisema hawatafika mwisho bila kulia, ila mimi nitafika, kwa kuwa bado nimekasirika.

Kaka yetu Lavern alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 shambani kwetu, kaskazini mwa mji huu wa Brandsma, Iowa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Harm Roorda, mzee wa kanisa hili, na marehemu mama Gezina, akafuatiwa na Wendell, kisha mimi. Alisoma hapahapa mjini hadi alipohitimu sekondari mwaka 1967, ambako walimu walimsifu kwa hesabu wakamlalamikia kwa mengine yote, kwani darasa lao lilitazamana na uwanja wa maonyesho, wenye ile njia ya duara ya udongo mweusi, walikokimbia farasi enzi za babu, kabla ya kuja haya magari madogo yenye bawa kubwa mgongoni, ambayo hayana hata uwezo wa kujiwasha mpaka yasukumwe, lakini yakishawaka hakuna anayelala wilaya nzima.

Baada ya shule alilima mahindi na soya pamoja na baba, na kutengeneza matrekta ya majirani, kazi aliyoifanya vizuri mno miezi yote isipokuwa Agosti, kwa sababu Agosti ndipo mashindano makubwa yanapofanyika, na ninyi mliosubiri trekta zenu hadi Septemba mnajua ninachosema.

Tarehe 12 Juni 1971, kaka yetu Wendell, aliyekuwa dereva katika mbio hizohizo, alipinduka kona ya nne na kufariki dunia akiwa bado kijana, na baba akakataza jina la uwanja ule lisitajwe nyumbani kwetu, nami nikaapa kutokanyaga pale. Agosti ya mwaka uleule Lavern alikata tiketi, akakaa kona ya nne, kiti cha mbele, na tangu hapo akawa anakilipia kiti hichohicho kila mwaka. Mama hakusema naye mpaka Krismasi, na mimi nilipomuuliza ana moyo wa namna gani, alinijibu, “Moyo wa kawaida, Arlys, nipishe nipite.”

Marehemu alifunga ndoa na Twyla Veenstra mwaka 1973, ndoa iliyokaribia kuvunjika kabla haijafungwa, maana bibi harusi alichagua Jumamosi ya pili ya Agosti, na Lavern akasema mbele ya wakwe, “Jumamosi hiyo haiwezekani, kuna fainali,” na mzee Veenstra akamjibu, “Basi lilete hilo gari kanisani uoane nalo.” Walioana Jumanne.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Renae na Curt. Renae alizaliwa Agosti 1975, jioni ya fainali, na mtangazaji ikambidi asimame kwenye kipaza sauti aseme, “Lavern Roorda, mkeo yuko hospitali, ondoka hapo ulipo,” na umati mzima ukamzomea, “Nenda, Lavern! Nenda!”, lakini yeye akangoja bendera ya mwisho, akafika wodini na tope usoni, muuguzi akamfukuza kwanza akaoge, na wifi yangu alimwambia maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya Mchungaji.

Mwaka 2019 mapafu yake yaligundulika kuharibika kwa vumbi la nafaka, akaanza kutembea na mtungi wa oksijeni, na Agosti ya mwaka huu wa 2022 daktari alimkataza waziwazi kwenda uwanjani. Twyla alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, Curt alikuwa Nebraska kikazi, Renae alikataa kata kata kumpeleka, ndipo marehemu akatangaza kwamba ataenda mwenyewe kwa trekta, mtungi kaufunga nyuma kwa kamba. Mnamjua, angeenda. Nikachukua funguo za gari langu.

Jumamosi ilinyesha. Tulikaa chini ya mwavuli karibu na lango la uwanja tukitazama malori yakizunguka kukausha udongo, nikisema twende nyumbani, naye akisema watakausha, mpaka ikatangazwa kwamba fainali itakuwa kesho yake jioni. Nikamwambia, “Jumapili, Lavern? Watoto wa Harm Roorda?” Akasema, “Mvua kaileta Mungu, mlalamikie yeye.” Mchungaji, ule usiku uliponipigia kuuliza kwa nini sikuja kupiga kinanda ibada ya jioni, nilikuambia tumbo. Halikuwa tumbo.

Kwa hiyo nilikwenda, nikiwa na gauni la kanisani, nikakaa kona ya nne kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na magari yalipopita tu bonge la udongo likanipiga kwenye miwani, na mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akacheka, “Dada, hapa hatuji na nywele za saluni!” Lavern alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu kila yalipoingia kona ile nilimwona Wendell, na Lavern akanigusa kwa kiwiko akasema, “Inua kichwa, hukuja kutazama viatu.” Nikamuuliza kwa sauti kubwa, kwa hasira, anawezaje kukaa mahali hapa miaka yote hii. Akasogeza mrija wa oksijeni, akasema, “Wewe ulimwona mara ya mwisho kwenye jeneza. Mimi nilimwona akiingia kona hii, na alikuwa anaongoza, na nilikuwa…” na hapo magari yakapita, na sikusikia kilichofuata.

Nilisubiri jibu hilo zaidi ya miaka hamsini, naye akachagua kunipa ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Nikapiga kelele, “Nini? Ulikuwa nini?” Akasema, “Nitakuambia baadaye, tazama!”, maana kijana mmoja aliyeanzia karibu na mkiani alikuwa amepanda ukingo wa juu kabisa, gurudumu la nyuma likikwaruza ukuta, na akawapita waongozaji wote wawili mbele ya macho yetu, na watu elfu kadhaa wakasimama, na nitasema ukweli kwa kuwa niko kanisani, nami nilisimama.

Jumatatu asubuhi alizidiwa, akalazwa, akawekewa mashine iliyomzuia kusema, na tarehe 20 Septemba 2022 akafariki dunia mkewe akimshika mkono. Maneno yale hakuyamalizia. Wapo waliosema mimi ndiye niliyemuua kwa vumbi lile, na mmoja wao yumo humu na nampenda, lakini daktari ametuambia kwamba mapafu yale yasingefika msimu wa mavuno kwa vyovyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyefagia udongo chini ya kitanda chake bila kuuliza umetoka wapi, majirani waliovuna soya yake wiki iliyopita wakakataa hata kahawa, mafundi wenzake, na watu wa uwanja walioacha kazi zao waje kumbeba, nao nawaomba wavue kofia.

Na wewe Renae, binti wa kaka yangu, ambaye hukusema nami tangu Agosti, jana jikoni uliniuliza, “Shangazi, alifurahi angalau?”, nami nikakupa mgongo nikaosha vikombe. Jibu ni hili, na watu wote walisikie. Bendera ilipoanguka baba yako aligeuka kunitazama, amepakaa tope hadi masikioni, akicheka mdomo wazi, na tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno, na hakulitema.

Pumzika kwa amani, kaka. Umetuchosha sana.