Alama Kumi za Sweta Moja

Treni iliposhika mwendo, bibi alitega sikio. Mbele yake mfumaji alikuwa anataka kutuma picha ya sweta yake, apate wateja, kwenye mtandao wa blokcheni, ambako watazamaji hupigia picha kura na ukishatuma hufuti tena. "Nimeipachika alama kumi za kutafutia: mpira, siasa, mapenzi, na nyinginezo. Watamiminika!" akamwambia kinyozi aliyekaa naye.

Kinyozi akacheka. "Dada yangu, anayetafuta mpira akikuta sweta atakupigia kura ya kukushusha, picha ifichwe, hata mwenye baridi asikuone. Weka 'sweta' na 'ufumaji', basi."

"Kaka, mimi sokoni nikipaza sauti hata wauza vitunguu wanageuka!"

"Wanageuka. Wananunua?"

Bibi alikuwa na jibu, ila hakuna aliyemuuliza. Treni ikasimama. Mfumaji akafuta 'siasa', akafuta 'mapenzi', akaitazama 'mpira', akaiacha, akabonyeza 'tuma', akashuka kifua mbele.